Televizyo ya Kubebwa na Mtu Mmoja

Televizyo yetu ya zamani ilikufa siku ya Jumapili, mchana, wakati mkubwa mmoja wa mkoa alikuwa katikati ya hotuba. Picha ilijikunja kutoka juu na kutoka chini mpaka ukabaki mstari mmoja mweupe katikati ya kioo, mwembamba kama uzi, na sauti ikaendelea. Wadogo zangu walikaa wanauangalia ule mstari unavyozungumza. Baba aliigonga ubavuni, pale alipokuwa akiigonga siku zote, na mara hii hata mstari ukaenda zake.

"Basi," Baba alisema. "Tutachagua ingine."

Neno hilo la kuchagua lilinishangaza. Katika kambi yetu ya Kapata, nje kidogo ya Kolwezi, hakuna mtu aliyekuwa anachagua kitu mwaka ule. Kampuni ya mgodi ilikuwa inakufa kidogo kidogo. Mishahara ilichelewa, na ikitoka ilitoka nusu, na noti zilikuwa zinapoteza nguvu zikiwa bado mfukoni, hivi kwamba mwenye akili alizigeuza haraka kuwa kitu chochote cha kushikika: mfuko wa unga, bati, baiskeli. Baba alikuwa karani katika depo ya vipuri, na wiki ile walikuwa wamemlipa mishahara ya nyuma. Kwa hiyo televizyo, sawa, ilieleweka. Lakini Baba alikuwa na sababu nyingine na mimi niliijua. Mtu asiyesema sana husikia mengi, na nyumbani kwetu mimi nilikuwa yule ambaye watu wanasahau kwamba yuko ndani.

Sababu ilikuwa Mama.

Baba ni mtu wa kaskazini ya Katanga. Wazazi wa Mama ni watu wa Kasai. Baba yake, ambaye Mama anamwita tata na sisi watoto tunamwita kambo, yaani babu, aliletwa na kampuni akiwa kijana kufanya kazi mgodini, na Mama alizaliwa hapa hapa, katika hospitali ya wafanyakazi. Kasai yenyewe hajaiona hata siku moja. Lakini mwaka ule ilionekana kuzaliwa hapa hakutoshi. Katika hotuba walisema watu wa Kasai warudi kwao. Vijana walipita kati ya nyumba wakiimba, wakiwaita bilulu, yaani wadudu, na familia baada ya familia zilibeba magodoro kwenda kulala stesheni kusubiri treni. Kambo alikuwa amekwisha kukubali kwenda, pamoja na mjomba wangu, mdogo wake Mama. Mke wa kambo alifariki zamani. Kilichobaki kujulikana ni kitu kimoja: Mama anabaki na sisi au anaenda na baba yake?

Hakuna aliyemuuliza. Baba hakuuliza kwa sababu aliogopa jibu. Mimi sikuuliza kwa sababu mimi si mtu wa kuuliza, ni mtu wa kutazama. Na Mama aliendelea kusonga ugali na kufua na kutuma watu sokoni, uso wake hauna kitu cha kusoma.

Baba alifikiri hivi, na nilimsikia akimwambia rafiki yake barzani. Siku zile kila nyumba ya Kapata ilikuwa inasomwa na jirani zake. Nyumba inayotoa vitu nje, hiyo inaenda. Nyumba inayoingiza vitu ndani, hiyo inabaki. Mke wake akichagua televizyo mwenyewe, ikaingia mpaka saloni, chumba cha wageni, mchana watu wote wakiona, basi atakuwa amejifunga. "Mutu hawezi kununua televizyo ya saloni yake na kisha kuenda," alisema. Rafiki yake akajibu kwamba yeye anajua mwanamke aliyeacha hata watoto. 

Tulianza kuchagua katika nyumba za wale wanaokwenda, kwa sababu vitu vyote vya Kapata vilikuwa nje. Viti, masufuria, cherehani, picha za kanisani zikiwa na fremu zake, vitanda vimesimamishwa ukutani kama watu wamepewa adhabu shuleni. Nasema kweli hapa: nilipenda kutembea vile. Najua haikuwa siku ya kupenda kitu. Lakini nyumba za kampuni ni sawa zote, vyumba sawa, mlango upande ule ule, na maisha yangu yote nilikuwa najiuliza ndani watu wanaishi namna gani. Sasa milango ilikuwa wazi. Nikaona kwamba televizyo haifanani na nyingine hata zikiwa zimetoka kiwanda kimoja. Moja ilivaa kitambaa cha kufuma, na chini ya kitambaa rangi ilikuwa mpya kabisa wakati pembeni imekwisha. Nyingine ilikosa kifungo cha kubadilisha, ikabidi koleo ndogo ikae juu yake siku zote, na mwenyewe alikuwa anaiuza pamoja na koleo. Mzee mmoja aliwasha yake, tukasubiri, tukasubiri, kioo kikiwa cheusi.

"Munaivumilia kidogo," alisema. "Inaamuka pole pole, kama mi."

Mama alicheka kidogo. Kisha akauliza swali lake.

Kila nyumba aliuliza swali lile lile. Hakuuliza picha, hakuuliza rangi, hakuuliza imekaa miaka mingapi. Aliuliza, "Mutu moya anaweza kuibeba?" Halafu, bila kungoja jibu, aliizungushia mikono, akaiinua mwenyewe, akatembea nayo mpaka mlangoni na kurudi. Aliirudisha mahali pake polepole, akajifuta mikono kwenye kitambaa chake, akasema ni nzito. Tukaaga.

Katika nyumba moja mama mwenye kuuza alimsemesha kwa lugha ya Kasai, na Mama akamjibu kwa lugha ile ile. Baba alisimama kando akiangalia dari. Mama yule akarudi kwenye Kiswahili, labda kwa heshima ya Baba, akauliza:

"Na we, dada, unaenda na treni gani?"

"Mi niko natafuta televizyo," Mama akasema.

Nililichunguza jibu lile njia nzima. Halikuwa ndiyo wala hapana. Nikachunguza na swali la uzito. Televizyo ya saloni inaingia nyumbani siku moja na inakaa mpaka inakufa. Ya kwetu haikuwa imehamishwa tangu nizaliwe, hata sementi ya chini yake ilikuwa na rangi tofauti. Nani anauliza kama mtu mmoja anaweza kuibeba? Ni msafiri. Nikamwangalia Baba, nikaona yeye amefika pale pale kabla yangu.

Kuanzia siku ile Baba alichagua kubwa tu. Alitupeleka kuona moja yenye miguu yake minne na spika pande mbili, kitu cha ukubwa wa kabati la nguo. Ilihitaji watu wanne.

"Hii, hata treni haiwezi kuibeba," alisema. Alisema kama mzaha, na hakuna aliyecheka, na yeye mwenyewe akaangalia chini.

Mama aliiangalia. Hakujaribu hata kuigusa. "Hapana," alisema, akatoka nje.

Sasa niseme juu ya televizyo ya kambo, maana watu wangejiuliza kwa nini tulihangaika hivyo wakati kambo mwenyewe alikuwa anakwenda na anayo moja, mistari mitatu tu ya nyumba kutoka kwetu.

Ilikuwa kabati la mbao nyekundu lenye milango miwili ya kufunga na ufunguo mdogo wa shaba. Aliachiwa na mzungu mmoja wa kampuni aliyerudi kwao zamani. Kambo aliiweka saloni ikitazama dirisha, na yeye alikaa pembeni, akiiangalia kwa shingo iliyopinda, ili watoto wa mstari mzima wakae barzani na kuona kutoka nje. Ndiyo desturi yake. Hakulipisha mtu kitu. Alitaka salamu tu. Mtoto akija kukaa bila kusema "jambo, muzee," kambo alinyoosha mkono, akaizima sauti, na watu wote wakabaki na picha bubu mpaka mwenye kosa amejulikana na kusukumwa mbele na wenzake. Mimi nilikuwa mjukuu wa nyumba, ningeweza kukaa ndani kwenye kiti. Lakini nilikuwa naona haya, nilikaa nje pamoja na wengine. Kwa hiyo nilizijua shingo zote za watoto wa mstari ule kwa nyuma.

Shingo moja ilikua ikawa ya kijana mrefu wa mstari wa tatu. Siku moja tulipokuwa kwa kambo, aliingia. Hakuwa ameingia ndani hata mara moja, siku zote alikuwa mtu wa dirishani. Hakuvua kofia wala hakusalimu.

"Muzee," alisema, "ile unaiachilia kwa bei gani?"

Kambo alimwangalia vizuri. "Unataka kuiona kwanza?"

"Naijua."

"Njo vile. Unaijua. Umeiangalia tangu uko na makamasi."

Mjomba akasogea kidogo kwenye kiti chake. Kijana akasema kwamba hakuja kucheza. Kama muzee hauzishi, itabaki humu ndani, na nyumba hii itakuwa na wenyewe wengine, na kila kitu mwenye kuwa ndani kitakuwa chao. Alisema bila kukasirika, kama mtu anaeleza njia ya kwenda Lubudi.

"Ni saa ya mupira," kambo alisema. "Simama basi uangalie."

Akafungua milango ya kabati, akawasha. Na kijana alisimama. Nilimwona macho yake yanakwenda kwenye kioo yenyewe, bila ruhusa yake. Aliangalia mpaka mapumziko, mikono mfukoni, halafu akatoka bila kuaga. Mama alikuwa ameshika kikombe wakati wote ule. Aliendelea kukishika muda mrefu baada ya kijana kwenda, akiiangalia ile kabati.

Njiani mdogo wangu aliuliza kitu ambacho mimi nisingethubutu: kwa nini Baba hanunui ile ya kambo tu? Baba akamkaripia. Baadaye akamweleza taratibu. Kati ya wakwe hakuna kununua. Ukimlipa baba wa mke wako bei ya kitu chake, umemfanya mtu wa soko, na ujamaa umekwisha pale pale. Anaweza kukupa, na wewe unaweza kumpa, lakini akikupa kikubwa lazima umjibu na kitu, na mtu anayefukuzwa utamjibu na nini? Mfuko wa unga? Baba alisema ni aibu hata kuizungumza. Mama alikuwa anatembea mbele yetu. Alisikia yote, nina hakika, kwa sababu hatua zake zilipungua.

Baada ya siku chache Mama mwenyewe alisema twende sokoni, kwa mfanyabiashara mmoja anayeleta vitu vipya kutoka upande wa kusini, ng'ambo ya mpaka. Baba alifurahi kusikia neno "mpya". Mfanyabiashara alikuwa na katoni zimepangwa kama ukuta, na mbele yake jenereta ndogo inanguruma hivi kwamba lazima mpigiane makelele. Alitoa kubwa, Baba akaipenda. Mama akaonyesha kidole kwenye kitu kidogo cha plastiki nyekundu, chenye mkono wa kushikia juu yake kama kapu.

Akaishika kwa mkono mmoja. Akaondoka nayo. Akapita kwenye meza ya muuza mihogo, akapita kwa washona viatu, akageuka kwenye kona, akarudi. Watu wakaanza kucheka, na mwanamke mmoja akauliza kwa sauti kama ile televizyo iko na homa, maana inatembezwa kama mtoto. Mama hakujali. Aliiweka mezani na hakuwa hata amehema.

"Hii," alisema.

Mfanyabiashara aliichomeka kwenye jenereta. Ikaonyesha picha, nyeusi na nyeupe. Akasema rangi itakuja nyumbani, tukiwa na antena nzuri. Sauti hatukusikia, lakini pale hata sisi wenyewe hatukusikiana, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Baba alilipa bila kubishana bei. Baba! Mtu ambaye hubishana hata bei ya chumvi. Alilipa, akamwacha Mama aibebe mwenyewe, akatembea nyuma yake akiangalia jinsi inavyoning'inia mkononi mwake kama mzigo wa safari.

Nyumbani tuliiweka juu ya ile televizyo iliyokufa. Picha ikaja, nzuri kweli, safi. Rangi haikuja. Na sauti haikuja. Baba akageuza kifungo mpaka mwisho, ikatoka pumzi tu, shhh, kama mtu anatuambia tunyamaze. Jirani yetu mmoja aliyewahi kufanya kazi kule kusini aliitwa, akachungulia, akacheka mpaka akashika mlango. Akasema televizyo za kule zimetengenezwa kwa matangazo ya kule. Hapa wanatangaza kwa namna nyingine, kwa hiyo zinapata picha bila rangi na bila maneno. Nusu ya Kolwezi imekwisha kuanguka katika shimo hilo, alisema, karibuni. Akaenda zake akiendelea kucheka.

Wadogo zangu walitoka kumfuata. Nilibaki mimi, kwenye pembe, nimesahauliwa kama kawaida. Kwenye kioo mwanamke alikuwa anaimba bila sauti. Baba alikaa mbele yake.

"Mama ya batoto," alisema. "Tuirudishe?"

"Hapana. Iko chepesi."

Baba akamgeukia. "Unataka kuibeba wapi?"

Mama aliendelea na kazi. Alikuwa anakunja katoni, anaifanya bapa.

"Treni banasema inakuya juma hii," Baba alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia vile. "Uniambie tu. Unaenda nayo?"

Mama akaacha katoni. Akamwangalia kama mtu aliyesemeshwa katika lugha asiyoijua.

"Mi? Ni ya tata. Ile yake ni nzito, haiwezi kuingia mu treni. Itabakia na mi. Ye anapata hii ya kubeba."

Baba aliiangalia tena ile televizyo ndogo.

"Kununua kwake ungeona haya," Mama akaendelea, sasa akisema haraka, kama maneno yalikuwa yamepanga foleni muda mrefu. "Na ye hawezi kuomba. Lakini ukimupelekea hii, atakurudishia ile, itakuwa zawadi na zawadi. Ile kijana hataipata. Ningekuambia, ungefikiri ni mi nakutuma kununua kitu ya mukwe wako."

"Na juu ya kubakia, juu ya nini haukusema?"

"Hakuna mwenye aliniuliza."

Alirudi kwenye katoni yake. Baba alitoka, akasimama barzani akitupa mgongo, na nilimwona kupitia dirisha anajifuta uso kwa mikono miwili, mara nyingi, kama ananawa. Mimi nilikuwa na aibu ya namna nyingine. Nilikuwa nimetazama kila kitu, nimeona kila kitu, na nilikuwa nimesoma yote kinyume.

Siku iliyofuata mchana tulimpelekea kambo. Mama alitaka kumweleza ubovu wake kwanza, lakini aliona haya kwa sababu ilikuwa zawadi, kwa hiyo mjomba aliichomeka tu na picha ikaja. Ilikuwa hotuba tena. Mkubwa yule yule alikuwa anafungua na kufunga mdomo, ananyoosha kidole, anapiga meza, na hakuna kitu kinachotoka.

"Inaonyesha," Mama alisema chini chini. "Haiseme, tata. Tutaona fundi."

Kambo alisogeza kiti karibu. Aliangalia ule mdomo muda mrefu. Mabega yake yakaanza kutingishika, nikafikiri analia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, na mjomba akamletea maji.

"Acha fundi," alisema alipopata pumzi. "Mwaka yote nimewasikia. Kuwaona inanitosha."

Kisha akasimama, akaenda kwenye kabati nyekundu, akaifunga milango yake miwili, akageuza ufunguo wa shaba. Alimpa Mama ule ufunguo, hakumpa Baba. Na Baba alichuchumaa kidogo, akapiga makofi ya heshima, ya polepole, kama anavyofanya kila mara mbele yake, lakini mara hii hakuacha haraka.

Tuliisafirisha kwa pusupusu, ile mikokoteni ya kusukuma ya watu wa soko. Baba alivuta, mjomba alisukuma, mimi niliishika ubavuni isianguke. Mchana, jua kali, kama Baba alivyotaka tangu mwanzo, ila si televizyo aliyoitaka. Kila barza ilitutazama. Kwenye mstari wa tatu yule kijana mrefu alikuwa amekaa juu ya jiwe na wenzake. Alisimama.

"Ile munaipeleka wapi?"

"Kwangu," Baba alisema. "Ni ya bibi yangu."

"Na bibi yako anabakia?"

Baba alikuwa na pumzi nyingi kifuani, gurudumu lilikuwa limekwama kwenye mfereji. Nilisikia mtu anajibu. Nilishtuka kwa sababu sauti ilikuwa yangu.

"Anabakia," nilisema.

Kijana aliniangalia, nafikiri kwa mara ya kwanza, ingawa tulikaa barza moja miaka yote ile. Alitaka kusema kitu. Badala yake akauliza, si mimi, si Baba, kama anaiuliza ile kabati, iwapo itatazama dirisha. Mjomba akasukuma kwa nguvu, gurudumu likatoka, tukaenda.

Treni haikuja juma lile. Ilikuja baadaye, na stesheni ilikuwa imejaa hivi kwamba siwezi kuiandika yote, nimejaribu mara kadhaa na nafuta. Naandika hiki tu. Kambo, mjomba akiwa nyuma yake, alipata nafasi sakafuni ndani ya behewa la mizigo, karibu na mlango, na alikuwa amepakata ile televizyo nyekundu, mkono wake kwenye mkono wa plastiki, kama mtu anayekwenda na kapu lake sokoni na atarudi mchana. Mama alisimama chini, mkono wake kwenye goti la kambo, mpaka mabehewa yalipovutana. Hakupiga kelele. Aliutoa mkono wakati treni yenyewe ilipoutoa.

Kabati nyekundu ilikaa saloni imefungwa. Hakuna aliyethubutu kuomba ifunguliwe. Ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye ncha ya kitambaa cha Mama, na akiinama kupuliza moto ulikuwa unagonga sufuria. Nyumba ya kambo iliingiwa na watu wengine. Nyumba nyingi za mstari wetu ziliingiwa na watu wengine, wenye watoto tusiowajua, na watoto hao waligundua haraka, sijui namna gani, kwamba kwetu kuna kitu ndani.

Alasiri moja Mama aliniita nimsaidie. Tukaivuta kabati kutoka ukutani. Ilikuwa nzito sana, ikakwaruza sementi. Nilikusanya nguvu, nikauliza, mimi mwenyewe, tuielekeze wapi. Mama alipumzika kwanza, amekaa juu yake.

"Kwenye dirisha," alisema. "Lakini basalimie."

Kwa hiyo sasa watoto wanakuja. Wengine ni wa wale waliobaki, wengine ni wa wale walioingia kwenye nyumba za waliokwenda, na Mama hawabagui. "Jambo, mama," mmoja mmoja, na asiyesema, mkono wa Mama unakwenda kwenye sauti. Baba analalamika kwamba haina rangi. Shingo yake imeanza kupinda kwa upande, kama ya kambo.

Habari za kambo zilitufikia kwa mdomo wa mtu aliyepita. Yuko hai, anaishi katika darasa la shule pamoja na familia nyingine, na umeme hawana. Televizyo anayo bado. Mtu yule alisema ameiweka inatazama mlango.

Na saa ya mupira yule kijana mrefu anakuja. Hafiki barzani. Anasimama ng'ambo ya barabara, chini ya waya za umeme, mikono mfukoni, mahali ambapo mtu anaona picha lakini hawezi kusikia kitu. Anaangalia mpaka mwisho. Mama anajua yuko pale, nimeona macho yake, na kuna siku anaongeza sauti kidogo, lakini haiongezi mpaka ifike barabarani. Mimi nakaa nje pamoja na watoto, kama zamani, na kila mara najiuliza kama leo atavuka. Ni neno moja tu analotakiwa kusema.